Mkwe wa Mwenyekiti

Tusizungushane: siku ile mjinga alikuwa Jubilate. Mpaka leo ukimuuliza atakuambia hivyo hivyo, tena kwa kicheko. Wapo tuliokuwa wajinga miaka kumi mfululizo na hatujakiri hata kwa mchungaji, kwa hiyo kijana tumpe haki yake.

Ilikuwa siku ya mnada wa kakao pale Ipyana, wilayani Kyela. Ghala la ushirika lilikuwa limejaa mpaka barazani: wakulima na magunia yao, wenye bodaboda wakigombea kivuli, kina mama wa chai na mihogo, mizani ikigonga chuma kwa chuma, na juu ya vyote ile harufu ya kakao iliyochachuka, nusu siki nusu pombe, inayoingia kwenye nguo na kuikataa sabuni. Katikati ya hayo akashuka Jubilate na suti yake ya bluu iliyombana, viatu vya ncha, na begi la kompyuta. Ni mtoto wa hapo hapo, wa Mzee Nsajigwa mwenyekiti wa ushirika, ila aliondoka akiwa darasa la tano kwenda kulelewa na shangazi yake Dar es Salaam. Tangu hapo Kyela alikuwa akiijua ya Krismasi, ya wali na picha.

Aliona meza, akatua begi lake juu yake. Hakuona kwamba juu ya meza kuna ubao, na juu ya ubao kuna punje mia moja za kakao zilizopasuliwa katikati na kupangwa mstari kwa mstari, maana ndivyo kakao inavyopimwa: inapasuliwa, inatazamwa rangi ya ndani, na hapo ndipo daraja la mzigo mzima linapojulikana. Ubao ukapinduka. Punje zikatawanyika chini ya miguu ya watu.

"Ugonile," ilisema sauti nyuma yake, ile salamu ya Kinyakyusa ya kuuliza mtu amelalaje. Ilisemwa kwa upole ambao haukuwa na upole ndani.

Akageuka. Alikuwa msichana mrefu, koti jeupe la kazi limeachwa wazi juu ya gauni la kitenge cha njano, nywele zimesukwa kwenda nyuma, na kisu kidogo mkononi. Jina lake Kisa, mpimaji ubora wa ushirika na mwanachama kwa haki yake mwenyewe, mwenye shamba aliloachiwa na marehemu baba yake kule Makwale.

"Salama dada," alisema Jubilate. "Samahani, nilidhani ni uchafu."

Hata mizani ilinyamaza.

"Ni kakao ya watu wa Makwale," alisema Kisa. "Wameilea mwaka mzima. Sasa wewe utauokota huo uchafu, punje moja moja, mpaka zitimie mia."

Akapiga magoti. Aliokota suti ikiwa kwenye vumbi, wazee wakimwelekeza kwa fimbo, kina mama wakimhimiza asiruke ile iliyo chini ya gunia. Zikafika tisini na tisa. Ya mia aliitafuta robo saa nzima, hadi chini ya matairi ya pikipiki, jasho likimchuruzika shingoni. Mwisho Kisa alifungua kiganja cha mkono wa kushoto. Punje ilikuwa humo.

"Nilitaka kuona utatafuta mpaka lini," alisema.

Mwanaume mwingine angekasirika. Jubilate alikaa chini pale pale kwenye vumbi akacheka mpaka machozi, na Kisa, ambaye hakuwa amepanga kucheka, akacheka pia. Huo ndio ukawa mwanzo.

Jubilate alipata namba ya Kisa kwa njia ambazo hakuna haja ya kuzieleza. Kesho yake asubuhi akapiga.

"Inspekta, umeamkaje?"

"Nimeamka na kazi. Wewe umeamka na nini?"

"Na goti linaniuma tangu jana."

"Pole. Goti la mjini halijazoea sala."

Kuanzia hapo simu zikawa za asubuhi na za mchana. Yeye akimwita Inspekta, Kisa akimwita Mheshimiwa Urani, na kwa nini alimwita hivyo ndio hadithi yenyewe.

Jubilate alikuwa amekuja kama wakala wa Mfuko wa Mapambazuko wa Dar es Salaam, uliojitangaza kuwa mfuko wa uwekezaji wenye maadili. Kitabu chake kilikuwa na karatasi ya kung'aa na orodha ya dhambi ambazo mfuko haugusi: pombe, sigara, kamari, silaha. Mchungaji alipoisoma orodha ile aliibariki kanisani, na baadhi ya waumini waliosema amina walikuwa wametoka kwenye pombe ya kangara jana yake. Mfuko ulitaka ushirika ununue hisa kwa ile bonasi ya kilimo hai, fedha ambazo wanunuzi wa nje huongeza kwa sababu wakulima wa Kyela hawatii dawa za viwandani kwenye kakao yao. Bonasi hiyo ilikuwa imetengwa kwa mabanda ya kukaushia kakao, maana mvua za kule haziombi ruhusa. Badala ya mabanda, fedha zingeingia kwenye mgodi mpya wa urani, milimani ng'ambo ya mpaka, upande wa Malawi. Urani ni chakula cha vinu vya nyuklia, vinu hutoa umeme usio na moshi, na umeme usio na moshi, kilisema kitabu, ndio maadili ya karne hii.

Na Jubilate aliamini. Hili lieleweke, kwa sababu wakala mwongo angekuwa rahisi kumchukia na hadithi ingeisha mapema. Jumapili moja, wamekaa mchangani Matema wakila mbasa wa kuchoma kwa ndizi, maji ya ziwa yametulia na milima ya Livingstone imesimama mbele yao kama ukuta wa kanisa, alimweleza Kisa kwa moyo wake wote. Misitu inaisha kwa mkaa. Makaa ya mawe yanaichafua hewa. Mvua zimepoteza adabu, mkulima anajua kuliko mtu wa ofisini. Kiganja kimoja cha urani kinawasha mji. Wapo wataalamu wanaopinga, alikubali, lakini kila mwaka wanazidi wanaosema kwamba bila nyuklia dunia haitoki kwenye shimo ililojichimbia.

Kisa alitoa mwiba wa samaki mdomoni, akautazama, akauweka pembeni ya sahani.

"Umeme huo utawaka wapi?"

"Kwa kuanzia, nje. Huku hakuna kinu."

"Na tope la mgodi litakaa wapi?"

"Kuna bwawa la kulizuia."

"Mheshimiwa, mvua ya Kyela umewahi kukaa nayo wiki nzima?"

Jubilate alizijua za Krismasi tu. Krismasi si msimu wenyewe hasa.

"Mto unaopita huko mgodini unamwaga humu," alisema Kisa akionyesha maji kwa kidole. "Ziwa halina ukuta katikati wa kusema huku Malawi, huku Tanzania. Mimi sibishani na kinu chenu, inawezekana ni kizuri, sijui. Ila naona mambo ya ajabu. Bia imekuwa dhambi, kuchimba sumu juu ya maji ya watu kumekuwa maadili. Tena kwa hela tuliyolipwa kwa sababu ya kutotia sumu shambani. Nani aliyekaa chini akaliandika hilo bila kucheka?"

Alisema bila kupaza sauti, na alikuwa amekasirika kweli. Jubilate alimpenda zaidi kwa hasira ile, jambo ambalo ni ugonjwa lakini si la kumcheka mtu. Ili kumtuliza akafungua kompyuta. Alitaka kumwonyesha kwamba watu wa huko waliulizwa na kuridhia, majina na sahihi zao zimeambatishwa. Kisa akapitisha kidole kwenye orodha. Kwenye ukurasa wa pili kidole kikasimama.

"Huyu ni mama mkubwa Marta," alisema. "Dada yake mama. Aliolewa ng'ambo."

"Unaona? Hata nyumbani kwenu wameridhia."

"Nitakwenda kumuuliza."

Na akasema zaidi, ili asifichane naye: mkutano mkuu ni Jumamosi inayokuja, na akirudi na jibu atasimama mbele ya wanachama alieleze, liwe tamu au chungu. Jubilate akamjibu kwamba ni haki yake. Walitazamana kidogo, wakashikana mikono, wakarudi mjini.

Sasa njoo kwenye kosa. Jumatatu, Kisa akiwa tayari amevuka daraja la Songwe mpakani, Jubilate alikaa na baba yake barazani na kumwaga kila kitu kama mtoto wa shule. Kwamba Kisa anapinga hisa na atasimama mkutanoni. Kwamba hata hivyo anampenda, na siku moja, Mungu akijalia, angetaka kumwoa.

Mzee Nsajigwa alikuwa mtu mnene, mwenye kofia ya pama na sauti ya taratibu. Mfuko ulikuwa umemwahidi kiti kwenye baraza la washauri, jina lake lichapishwe kwenye kitabu cha mwakani, na kitabu hicho alikuwa ameshawaahidi watu kuwaonyesha. Akamtazama mwanawe kwa muda mrefu. Kisha uso wake ukafunguka kama mlango wa duka.

"Kumbe unampenda. Basi tusichelewe mwanangu. Msichana mzuri hakai sokoni."

Jumatano Lameck, baba mdogo wa Jubilate, mzee mcheshi aliyekwisha kuwa mshenga wa nusu ya ukoo, alikwenda Makwale akiongoza mtamba mwekundu. Mama yake Kisa alikuwa akimjua Jubilate kwa maneno ya mwanawe, na alijua binti anampenda. Akamwita kaka yake kushuhudia, wakapokea, wakamfunga ng'ombe kwenye mgomba nyuma ya nyumba. Jubilate alipopewa habari alimkumbatia baba yake. Akanunua shati jipya. Alitaka Kisa akirudi akute mambo mazuri yamemtangulia nyumbani.

Hakuna aliyemkumbusha yule mtoto wa Krismasi kitu ambacho kila mtu aliyekulia Kyela anakijua. Kwa Wanyakyusa, ng'ombe wa kwanza akishapokewa, binti na baba mkwe wake hawaonani tena uso kwa uso. Akimwona njiani anaingia migombani na kujifunika kitenge. Hasemi naye, halitaji jina lake, haingii kwenye nyumba aliyomo. Siku hizi mjini wamelegeza, wengine wanapeana hata mikono kwenye harusi, lakini Makwale na Ipyana mwiko bado una meno, na wenye kuulinda zaidi ni wale kina mama ambao nao walijifunika maisha yao yote.

Ijumaa mchana simu ililia. Kisa alikuwa amesimama uani kwa mama yake, begi la safari bado begani.

"Jubilate."

Hakuwahi kumwita hivyo tangu wapendane. Akajua kitu kimevunjika.

"Laazizi, umerudi salama? Nina habari njema..."

"Habari nimeikuta. Imefungwa kwenye mgomba, inakula majani ya mama."

"Hukufurahi?"

"Mkutano ni lini?"

"Kesho."

"Anayeuongoza ni nani?"

"Baba."

"Mkwe wa Kinyakyusa husimama wapi mbele ya baba mkwe aliyekaa kitini?"

Hakusubiri jibu.

"Hasimami, Jubilate. Anatoka nje akiwa amefunika kichwa. Mmenifunga mdomo kwa kamba ya ng'ombe, halafu unaniuliza kama nimefurahi. Ningekuwa mwizi mngenipeleka polisi. Kwa kuwa nasema kweli, mmenichumbia."

"Kisa, naapa sikujua."

"Umekulia Dar, hilo nalikubali. Lakini asiyejua huuliza. Ulikuwa na namba yangu. Kila asubuhi unanipigia kuniuliza nimeamkaje. Hili hukuniuliza."

Kisha akamweleza alichokikuta ng'ambo, kwa maneno machache, kama mtu anayekabidhi mzigo usio wake. Akakata. Jubilate akapiga tena mara nne, simu ikaita mpaka ikachoka.

Alimkuta baba yake akisikiliza taarifa ya habari. Akamuuliza kama alijua. Mzee hakukana, kukana kungekuwa ni kumdharau mtoto. Alipunguza redio.

"Nilijua nini? Ulisema unataka mke, nimekupa mke. Angesimama pale angekuharibia kazi. Sasa una kazi na una mke. Niambie baba gani mwingine amempa mwanawe vyote viwili kwa ng'ombe mmoja."

"Hukumchukua awe mkwe, baba. Ulimchukua asiwe shahidi."

"Vyovyote. Ameshapokewa."

Hapo ndipo ulipokuwa ujanja wote, na Kisa aliujua kabla yao. Upande wa binti ukimrudisha ng'ombe, ni tusi kwa wakwe na aibu kwa mama aliyempokea. Makwale nzima ingeuliza binti ana kasoro gani, na mama yake, mjane, ndiye angelijibu swali hilo kisimani kila siku. Kisa angeweza kupambana na mwenyekiti. Lakini kumtia mama yake aibu hiyo asingeweza. Basi alifua koti lake jeupe akalianika, akaandika maneno yake kwenye karatasi, asijue atampa nani ayasome.

Jumamosi alfajiri, ukungu bado uko juu ya mashamba ya mpunga, akaondoka kwenda Ipyana na kina mama wenzake. Alikuwa amekwisha kupita njia kuu wakati watu wawili walipofika uani kwao kwa njia ya mkato ya migombani: Jubilate, na nyuma yake Lameck akilalamika.

Lameck alimwambia mama yake Kisa kwamba ameoza watu na ameachanisha watu, lakini tangu azaliwe hajawahi kuja kumwomba ng'ombe arudi wakati bwana harusi bado anampenda bibi harusi. Mama aliweka ungo chini. Akawauliza kama wanataka binti yake asemwe ana kasoro.

"Kasoro waseme ni yangu, mama," alisema Jubilate. "Na ukiulizwa ni ipi, waambie: alituma ng'ombe kabla ya kumuuliza mwenyewe."

Yule mama alimtazama viatu vyake vya ncha vilivyojaa tope mpaka kwenye kisigino, akamtazama usoni. Kisha, kwa mkono wake, akafungua kamba kwenye mgomba na kumkabidhi.

"Hili nitalijibu kisimani bila kuinamisha kichwa," alisema, akamshukuru kwa Kinyakyusa. "Ndaga fijo."

Ni mwendo mrefu kutoka Makwale hadi Ipyana kwa miguu, na mrefu zaidi kwa ng'ombe ambaye anataka kuonja kila shamba la mtu. Walipofika, mkutano ulikuwa umeanza. Kisa alikuwa ameketi nje ya ghala, nyuma ya ukuta, amejifunika kitenge, karatasi yake magotini. Sauti ya Mzee Nsajigwa ilimfikia kupitia matundu ya matofali ikisoma faida za hisa. Aliinua macho akaona kwanza pembe, kisha kamba, kisha mtu aliyelowa jasho.

"Nimemtoa kwa mama yako," alisema Jubilate akihema. "Ameridhia. Uchumba haupo. Wewe si mkwe wa mtu yeyote humu ndani."

Kisa alisimama, akakitoa kitenge kichwani, akakikunja mara mbili na kukiweka begani mwa Jubilate kama mtu anayetundika kitu kwenye msumari. Kisha akaingia ndani.

Minong'ono ilipita ghalani kama upepo kwenye mpunga. Mzee Nsajigwa, bila kumtazama, alitangaza kwamba mkwe wake ametoka nje kwa heshima na angependa aendelee kuwa huko.

"Mwenyekiti huna mkwe," ilisema sauti ya Jubilate mlangoni. "Ng'ombe yuko hapa nje anakula maua ya ushirika. Mwenye shaka atoke amhesabu."

Watu watatu walitoka. Wakarudi wakitikisa vichwa: ni yeye, mwekundu, wa mwenyekiti.

Kisa akasema. Aliwaeleza kwamba alikwenda ng'ambo kwa mama mkubwa Marta na kumwonyesha sahihi yake. Mama mkubwa aliitambua mara moja. Siku hiyo, alisema, waliitwa chini ya turubai, wakapewa wali na kuku na soda, kisha wakaambiwa kila aliyekula asaini, ili mwenye kupika ajue sahani zake. Hakuna aliyetaja mgodi. Wenzake wanane waliosaini siku ile walimwambia hivyo hivyo, kila mmoja uani kwake.

"Karatasi mliyoonyeshwa kuwa ya ridhaa," alisema, "ni karatasi ya wali."

Mwalimu mmoja mstaafu, mtu wa kusoma magazeti hadi matangazo, alisimama kumuuliza kwa nia njema. Je, anawaambia umeme wa nyuklia ni mbaya? Maana nchi nyingi zinautumia na watu wake wako hai.

"Mwalimu, sijui," alisema Kisa. "Wanaojua kuliko mimi bado wanabishana, na huenda waliosema unafaa wamesema kweli. Siku wakija wakatueleza kila kitu, tope linakwenda wapi, mvua ikizidi inakuwaje, nani analipa likivuja, nitakaa nisikilize, na inawezekana nikanyoosha mkono. Ninachokijua leo ni hiki tu: watu wa mto ule waliulizwa kama wameshiba, ikaandikwa kwamba wamekubali. Na sisi tunaombwa bonasi ya kakao safi iende kununua sehemu ya uongo huo, kisha tuite maadili."

Hakuna aliyepiga makofi. Mwenyekiti alimgeukia mwanawe na kumwamuru, kama wakala, awaeleze wanachama kuhusu karatasi zile. Jubilate aliwaeleza. Alisema tangu jana mchana amewapigia wakubwa zake mara tatu akiomba ukurasa wa juu wa orodha, ule unaosema watu wanasaini nini, na mara ya tatu wamemwambia kwamba ukurasa huo haukuwahi kuwapo na kwamba akiendelea kuuliza aandike barua ya kuacha kazi. Ameiandika asubuhi hii, kwenye simu, huku akimvuta ng'ombe, kwa hiyo wamsamehe kama ina makosa.

Wakapiga kura kwa mikono. Mikono ya kukataa ilikuwa mingi hivi kwamba katibu aliacha kuihesabu akaandika tu kwamba hoja imeanguka. Mabanda yatajengwa. Mzee Nsajigwa alifunga mkutano bila sala.

Nje jua lilikuwa limekwisha kuwa kali. Mtamba alikuwa amemaliza maua na kuanza miche. Jubilate alikuwa amesimama na kamba mkononi na kitenge begani, hana kazi, hana mchumba, suruali ina tope hadi magotini.

"Kitenge changu," alisema Kisa.

"Kabla sijakurudishia, nauliza."

"Uliza."

"Safari hii nakuuliza wewe, Inspekta, simuulizi mtu mwingine. Mshahara sina. Nina baba ambaye leo hatanipa chakula. Kakao siijui hata kuivuna. Utaolewa na mimi?"

Watu walikuwa wamejipanga barazani bila aibu yoyote, kina mama mbele. Kisa alichukua kitenge chake taratibu, akakikung'uta. Akamwambia kwamba kuvuna atamfundisha, chakula atakula Makwale, na kuhusu mshahara, wanaume wengi wameoa wakiwa na njaa na hawakufa.

"Hilo ni jibu?"

"Ni ndiyo, mpenzi. Mjini hamjui ndiyo ikija ndefu?"

Kina mama walipiga vigelegele. Lameck alianza kuuliza, kwa sauti ya mtu aliyechoka, kama ng'ombe huyu arudi Makwale leo leo au apumzike kwanza, maana yeye miguu yake si ya ukoo mzima. Hapo ndipo Mzee Nsajigwa alipotoka ghalani. Kofia ya pama alikuwa ameishika mkononi. Watu wakampisha.

Alimtazama mwanawe, kisha akamtazama Kisa, waziwazi, kama mtu anayejua haki hiyo ina siku chache. Alisema hatakataa, Nsajigwa hajawahi kumnyima mtoto wake mke, na ng'ombe atampeleka tena, huyu huyu, na mwenzake juu. Ila wote waliopo wawe mashahidi.

"Siku atakapopokewa," alisema, "sitaki kumwona mkwe wangu kwenye mkutano ninaouongoza. Wala sauti yake sitaki kuisikia. Sikuitunga mimi, ni mila. Mkwe na baba mkwe hawakai pamoja."

Jubilate alifungua mdomo, Kisa akamgusa mkono aufunge. Akamwangalia mzee usoni kwa mara ya mwisho aliyoruhusiwa, akamwita baba kwa Kinyakyusa.

"Ni kweli, tata, hawakai pamoja. Ila mila haikusema ni nani kati yao atoke."